Walipokuja Kumposa Kipa Wetu

Sijawahi kupiga mpira hata siku moja, na shule niliishia darasa la tatu. Nayasema mwanzoni ili mtu asije akaniumbua mwishoni. Lakini timu ya watoto wa majengo yetu hapa Scarborough tuliianzisha mimi na mzee mmoja wa Kiromania, na anayebisha aje aniambie nani alikuwa anafua zile jezi.

Mzee huyo alikuwa mwangalizi wa jengo tunaloishi. Bomba likivuja unamwita yeye, lifti ikikwama unamtukana yeye. Watoto walikuwa wanapiga mpira kwenye ukuta wa maegesho, wapangaji wanalalamika, mpaka wenye jengo wakamwagiza awafukuze. Hakuwafukuza. Aliwavusha barabara, akawapeleka kwenye uwanja wa shule, akaanza kuwafundisha. Mimi nilipoona mwanamume mzima anazungukwa na watoto wetu, nilichukua kiti changu cha kukunja na chupa ya chai, nikaenda kukaa pale kumchunga. Dunia si ya kuaminiwa. Nilimchunga wiki nzima. Wiki iliyofuata nikajikuta namimina chai ya watu wawili.

Nilizaliwa Uvira, nikakulia Kigoma kwa sababu ya vita, na hapa Kanada nilianza kwa kufagia ofisi za watu. Leo nina kampuni ya usafi yenye magari yake, binti yangu ndiye anayeiendesha, na hakuna mjomba wala serikali iliyonishika mkono. Kwa hiyo jezi za kwanza nilinunua mimi, timu nikaiandikisha kwenye ligi mimi, na mwenyekiti nikawa mimi. Kocha akawa yeye. Hatukupiga kura.

Kiingereza chetu sote wawili ni cha kuokota njiani, kwa hiyo tulielewana vizuri. Watoto wakikimbia kuzunguka uwanja, yeye ananisimulia habari za klabu ya mji wake. Mji mdogo, anasema, vilima pande zote na kiwanda cha mabehewa ya treni katikati. Klabu ilianzishwa na wafanyakazi wa kile kiwanda, waliocheza bado wana grisi mikononi. Hawakuwa na uwezo wa kununua mchezaji wa mtu, basi wakaamua kuwalea wa kwao. Watoto walitolewa vijijini, na kila nyumba ya mfanyakazi ikachukua mmoja au wawili. Mama yake mzazi alikuwa na vitanda sebuleni mpaka mlango haufunguki wote. Alilea wachezaji kama wengine wanavyofuga kuku.

Halafu ile serikali yao ya zamani ikaanguka, kiwanda kikafungwa, geti likatiwa mnyororo. Klabu nyingi za jirani, zilizokuwa zinaishi kwa fedha ya viwanda, zikafa. Ya kwao haikufa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kwa sababu haikuwa kiwandani, ilikuwa jikoni kwa akina mama.

Hapo nikampenda kidogo. Nikamuuliza wamechukua vikombe vingapi. Akasema hakuna. Kila kiangazi klabu kubwa za mji mkuu zilikuja kuchukua aliye bora, wao wanabaki na wadogo, wanaanza tena. Mpaka leo ndivyo wanavyoishi.

Nilicheka mpaka chai ikamwagika. Nikamwambia, "Kocha, nyinyi mmefuga kuku kwa ajili ya mwewe. Mnapika, wanakula wengine."

"Ndiyo, Mama," akasema. "Lakini wakishiba, wanajua jiko ni la nani."

Nikaipangusa chai iliyomwagika. Mimi si mtu wa kupika wakala wengine.

Sasa kipa wetu. Alikuwa msichana wa miaka kumi na minne, mama yake Mrundi, anafanya kazi ya kuwahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, zamu juu ya zamu. Kwa hiyo mtoto akitoka shule alikuja kwangu. Alikula kwangu, alilala kwenye kochi langu, alinisikia Kiswahili chote na kunijibu kwa Kiingereza kama wenzake wote waliokulia hapa. Alikuwa na mikono mirefu na hakupenda kuongea. Kabla yake tulikuwa timu ya kufungwa. Yeye alipokaa golini tukaanza kutoka sare, kisha tukaanza kushinda, na kiangazi kile tulikuwa tunakaribia kabisa kombe la ligi. Nilishatoa vyombo kwenye rafu iliyo pembeni ya televisheni. Nafasi ya kombe ilikuwa tayari, nimeipangusa vumbi.

Ndipo mama yake akaja kwangu jioni moja, bado na sare ya kazi, miguu imemvimba. Akavua viatu, akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Mama, wamepiga simu," akasema.

Ni klabu kubwa, ya upande wa Pickering, mji wa jirani, yenye uwanja wa ndani wa majira ya baridi na makocha wa kila namna. Walimwona mtoto akicheza, wanamtaka sasa hivi, wasisubiri ligi iishe. Kilichobaki ni ruhusa ya timu yake, na ruhusa hiyo ilikuwa mkononi mwangu.

Nikamwuliza wamekuja lini. Akasema hawakuja, wameacha ujumbe kwenye simu.

"Simu?" nikasema. "Mtoto anaombwa kwa simu? Hata mbuzi mtu huenda akamtazama meno."

Nikamwambia awajibu kwamba hapana. Yule mama hakunibishia. Ni mwanangu wa kanisani, nimemshika mkono tangu alipofika nchi hii, na kwetu mtu hamrudishii mkubwa neno hivihivi. Alishukuru kwa chai, akavaa viatu, akaondoka. Mimi nikajiona nimeilinda nyumba.

Kesho yake mtoto hakuja kula. Nikamfunikia sahani. Siku iliyofuata hakuja pia. Mazoezini alikuja, akadaka kila kitu, na hakugeuza uso upande wa kiti changu. Binti yangu aliniambia waziwazi kwamba namzibia mtoto wa watu njia. Nikamwambia yeye aangalie magari.

Nikaenda kumtafuta Mromania aniunge mkono. Nilimkuta chumba cha kufulia, amelala kifudifudi, mkono wote umeingia nyuma ya mashine. Nikamweleza. Nikasema kombe liko mlangoni, kipa akiondoka tunarudi kuwa timu ya kufungwa, watoto watavunjika moyo, timu itakufa. Akaendelea kupapasa skrubu.

"Kosa lao si kumtaka mtoto," akasema mwishowe, bado yuko chini. "Kosa lao ni kupiga simu."

Akainuka, akajifuta, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akanisimulia jinsi watu wa mji mkuu walivyofika kwao na gari, wakapiga honi nje. Mama yake hakutoka. Waliposhuka akawaacha wasimame mpaka walipovua kofia. Akawakalisha mezani, akawapa supu, na wakati wanakula akawauliza mtoto ataamshwa na nani asubuhi, atapikiwa na nani, akiugua ni nani atakesha kando ya kitanda chake. Asiyeweza kujibu alirudi na gari tupu. Na hata aliyejibu vizuri alisubiri kwanza, maana pale kwao mtoto hakuondoka mpaka ameonyesha nani atakalia kiti chake pale mezani. Hilo lilikuwa kama sheria ya mji. Kiti hakibaki wazi.

"Mama yangu alilia kila mwaka," akasema. "Na kila mwaka alitandika kitanda upya."

Nikamtazama. Nikasema, "Kocha, hiyo ni posa."

Nikamweleza posa ni nini, maana hakujua. Akafikiri, akasema basi ndiyo, kwao walikuwa wanaposa wachezaji.

Nikamwagiza binti yangu awapigie wale watu simu. Waje Jumapili baada ya kanisa, nyumbani kwangu, na waje na mkubwa wao.

Walikuja wawili: mwanamume mwenye mvi, mkuu wa vijana wao, na mwanamke kijana ambaye ndiye angemfundisha mtoto. Nadhani waliambiwa ni mkutano, maana walibeba kompyuta na hawakubeba hata mkate. Niliwapa mkono mlangoni, nikangoja mpaka wakavua viatu. Nilikuwa nimepika wali, samaki, maharage na sombe, kisamvu cha kwetu Uvira. Mromania alikaa kulia kwangu, amevaa tai, ndiye mshenga wangu. Mama wa mtoto alikaa mkabala, ametoka zamu, macho mazito. Mtoto mwenyewe tulimweka jikoni, mlango umerudishwa kidogo, kama inavyotakiwa.

Yule mkuu akafungua kompyuta anionyeshe picha za uwanja. Nikamwambia afunge, samaki anapoa. Wakala. Nikaanza.

Nikauliza nani atamrudisha mtoto huku Scarborough mazoezi yakiisha na mama yake yuko kazini. Nikauliza atakula nini na wapi. Nikauliza akivunjika kidole, nani atakaa naye hospitali. Mkuu alijibu kwa maneno marefu, akimtupia macho Mromania kama anayeomba msaada wa mwanamume mwenzake. Mromania alikuwa anatoa miiba.

Nikauliza la mwisho. "Na mwakani mkiona hamumtaki tena, mtamrudisha au mtamtupa?"

Mkuu akaanza kusema juu ya nafasi nyingi na mipango. Yule mwanamke kijana akaweka kijiko chini.

"Wengi hatubaki nao," akasema. "Huyu sijui, bado ni mdogo. Ila siku hiyo ikifika, sitampigia simu. Nitamleta mwenyewe, mpaka mlango huu."

Hapo nilijua mtoto anakwenda. Mtu akikudanganya katika posa, atakudanganya katika ndoa. Huyu hakunidanganya.

Nikawaambia kwetu mtu hachukui mwali mikono mitupu. Mkuu akapeleka mkono kwenye mfuko wa koti. Nikamwambia autoe, hatuuzi mtu hapa.

"Nataka Jumatano," nikasema. "Kila Jumatano mtoto huyu ni wangu. Atakuja kumfundisha atakayekalia kiti chake."

Akasema ratiba yao imebana, akasema kuna mambo ya bima. Yule mwanamke akasema Jumatano inawezekana. Mkuu akamgeukia. Mwanamke akarudia, taratibu kama anayemsomea mtoto, kwamba Jumatano inawezekana.

Nikamwita mtoto. Akatoka jikoni na mikono yake mirefu, hajui pa kuiweka.

"Hawa unawajua?" nikamuuliza, kama tunavyouliza.

"Ndiyo, Bibi."

"Tuwapokee, au wafunguliwe mlango warudi kwao?"

Akamtazama mama yake, aliyekuwa ameamka kabisa sasa. Akajificha uso kwa kiganja, anacheka. "Tuwapokee, Bibi." Kwa Kiswahili, chote, mbele za watu.

"Na nani anakaa golini?"

Alimtaja papo hapo, ikaonekana alishafikiria siku nyingi. Ni binti wa ghorofa ya juu yangu, yule wa miwani minene iliyofungwa kisogoni kwa mpira, ambaye Kocha humpanga beki wa pembeni kwa huruma. Nikasema, yule? Yule anakimbia kama bata.

"Hafumbi macho," akasema. "Mpira ukija kwa nguvu, wote wanafumba. Yeye hafumbi."

Nilimgeukia Mromania. Alikuwa anatikisa kichwa polepole, amekasirika na nafsi yake, maana hakuwahi kuliona hilo.

Kombe hatukulipata. Nisidanganye watu. Tulifungwa mechi zilizobaki, na nyingine tulifungwa vibaya, mpaka wazazi wakaniuliza kama najua ninachofanya. Niliwajibu kwamba sijui mpira, najua kulea. Vyombo vyangu nikavirudisha kwenye rafu. Kulikuwa na mama mmoja aliyenong'ona kanisani kwamba nimeuza kipa. Nilimwita nikamwambia uso kwa uso, amtafute mtu aliyeniona na fedha hiyo.

Lakini Jumatano mtoto alikuja. Alishuka basi na jezi ya watu wengine, akavaa glavu, akamsimamisha yule wa miwani golini na kumpigia mpira mpaka giza likawafukuza. Baridi ilipoingia walihamia ukumbi wa kanisa, viti vimesukumwa ukutani. Halafu wanapanda kwangu, wote wawili, wanakula kimya kama watu waliotoka kulima. Klabu kubwa bado iko naye. Anaongea zaidi siku hizi, na Kiswahili chake bado kinachechemea, lakini kinatembea.

Mwaka huu tumeanza ligi upya. Yule wa miwani bado anakimbia kama bata, ila kipa hahitaji kukimbia. Juzi alidaka penalti, akabaki ameukumbatia mpira kama mtu aliyeokota mtoto, hajui aupeleke wapi. Watoto walimrukia. Kwenye uzio, upande wa pili, nikamwona mtu nisiyemjua, kofia yenye nembo ya klabu, amesimama peke yake anampiga picha kwa simu.

Nikamgusa Mromania kwa kiwiko.

"Nenda kamwambie yule asije akapiga simu," nikasema. "Aje Jumapili baada ya kanisa. Maharage nitaloweka."