Mchanga Kwenye Sinia la Kikuba

Jirani yangu wa chumba cha mkabala alijifunza kumimina rezini kwangu, na haukupita mwezi vitu vyake vikawa vizuri kuliko vyangu. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma.

Rezini ni maji mawili mazito. Unayachanganya, unamimina kwenye kalibu, unazamisha ua au kombe dogo, na kesho yake kitu kimeganda kama kioo. Nilianza kwa kujiburudisha tu nikitoka dukani. Nyumba tuliyopanga Kariakoo ni ya zamani, sakafu imelala upande, kwa hiyo chochote unachomimina kinaganda kimeinama. Dawa niliigundua mwenyewe: nilichota mchanga kwenye ujenzi wa ghorofa la kiwanja cha pili, nikaupepeta, nikauanika, nikaujaza kwenye karai. Kalibu ikikaa juu ya mchanga, unaisawazisha utakavyo. Yeye alikunja boksi, akalitia chini ya mguu wa meza, basi. Vyake vikatoka sawasawa, bila povu hata moja, na vyangu vimejaa mapovu kama soda.

Mtoto wa dada yangu alipoolewa, nilijua kikuba chake, kile kishada cha asumini na rehani alichovaa harusini, nitakigandisha mimi kwenye sinia dogo, aende nalo kwake. Akanipita mlangoni, akakipeleka mkabala.

"Mama mdogo, usijisikie vibaya. Yule dada vya kwake havina povu."

"Sawa, mwanangu," nikamwambia, na ndani nachemka. Asante ya punda mateke.

Siku jirani alipomimina, nilikaa mlangoni alasiri nikijifanya nachambua mchele, kumbe namchungulia. Bibi harusi alikuwa anasafiri kesho yake, kwa hiyo jirani alikuwa na haraka. Kwenye ekstensheni moja alichomeka feni mbili, pasi, na jagi la kuchemshia maji ya kupashia chupa za rezini. Nikasikia harufu ya plastiki. Mara ekstensheni ikapiga shoti, na kitambaa cha meza kikashika moto.

Akanyanyua ndoo ya maji.

"Wee! Weka chini hiyo ndoo, umeme huo!"

Nikakimbilia ukumbini, nikashusha meni swichi. Nyumba nzima ikazimika, na mpangaji wa nyuma akaanza kulalamikia mpira aliokuwa akiutazama kwenye TV. Nikarudi na karai langu. Sinia lilikuwa pale mezani, rezini bado laini, na moto haukuwa mbali nalo. Kikuba kilikuwa hicho hicho kimoja. Nikamwaga mchanga wote.

Moto ukafa. Lakini mchanga uliruka ukaangukia kwenye sinia, ukazama pembeni mwa maua. Jirani akakaa chini akalia. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo: sinia limeharibika, tena mikononi mwake.

Asubuhi bibi harusi akaja, akaliinua kwenye mwanga wa mlangoni.

"Jamani! Asumini ufukweni! Dada, umewaza nini wewe?"

"Mchanga ni wa mama yako mdogo," jirani akasema. "Bila yeye tungeungua sote."

Hata hilo la kusema ukweli aliniwahi. Mtoto akanikumbatia kwa mkono mmoja, wa pili umeshika sinia. Wiki haikuisha, picha ilishazunguka kwenye simu za mashoga zake, na kila mmoja akataka la kwake, lenye mchanga, kutoka kwa yule yule.

Basi akaja mlangoni kwangu na bakuli, kama mtu anayeomba chumvi.

"Shoga, naomba mchanga kidogo."

Nilikuwa nimeshachota mwingine. Wa juu ulikuwa umekauka, wa chini bado una unyevu, na unyevu kidogo tu unaifanya rezini iwe nyeupe kama uji. Mkono wangu ulizama mpaka chini ya karai, ukakaa huko. Yeye amesimama, anatabasamu.

Nikamchotea wa juu. Lakini bakuli sikulijaza.