Anayegonga Alfajiri

Baba hakuwahi kumwita mama kwa jina mbele yetu. Alfajiri, akishatawadha, aligonga fremu ya mlango wa chumba kwa kidole: ko-ko, akanyamaza, ko. Mama akajibu kutoka kitandani, "Nimeamka." Ndivyo nyumba yetu ya Ngamiani ilivyoamka miaka yote.

Baba akafariki, mama akakaa eda, na ndani ya eda hiyo mlio ukarudi. Niliusikia mwenyewe nilipolala pale. Ko-ko. Kimya. Ko. Na mama, gizani, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Nimeamka."

Dada yangu, ambaye hana subira na lolote duniani, alisubiri eda iishe tu. Akasema mama anachanganyikiwa. Ama mlio ukome, ama anamhamishia kwake Makorora. Mama naye alikwisha apa kwamba hatoki nyumba ile ila kwa jeneza. Mimi ni seremala, na nilitaka mama abaki kwake. Nikakata shauri kuutoa mlio.

Niliipapasa fremu yote. Upande wa bawaba, kati ya mbao na ukuta, mchwa walikuwa wamekula mpaka kipande kimoja kikabaki kinaning'inia kwa msumari. Upepo wa alfajiri ukipenya pale, kilicheza kikagonga fremu. Basi, ndiyo hiyo tu. Nilijiambia hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Msumeno wa mkono haukuingia, na tindo ingebomoa ukuta wa udongo. Nikachukua ile mashine ndogo ya umeme ambayo wembe wake hauzunguki, hutetemeka tu kushoto na kulia, upesi hata jicho halioni ukienda. Unauingiza bapa kwenye ufa, unauegemeza kidogo, unausubiri. Ukiwa na pupa wembe unaungua, na mbao inafuka moshi.

Mama alikaa kitandani, upindo wa kanga mdomoni.

"Taratibu, mwanangu."

"Ni mbao tu, mama."

"Nimesikia. Taratibu hivyo hivyo."

Fremu ilitetemeka chini ya kiganja changu kama kwamba yupo mtu ameishika upande wa pili. Niliogopa. Nilitamani kuizima mashine, nikaona haya. Vumbi la mvule likamwagika na harufu yake kali, msumari ukakatika, kipande kikaanguka sakafuni, chepesi, matundu matupu. Nikaujaza ule uwazi kwa mbao mpya.

Nililala palepale. Adhana ikapita. Chumbani nilimsikia mama yu macho, anapumua polepole kama mtu anayetega sikio. Sikuweza kuvumilia. Nikaenda mlangoni, nikagonga kwa kidole: ko-ko, nikanyamaza, ko.

Mama aligeuka kitandani.

"Rudi ukalale, mwanangu," alisema mwishowe.

Kulipokucha nilimkuta amekwisha vaa buibui, kanga zake amezikunja ndani ya mkoba. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye fremu.

"Nipeleke Makorora kwa dada yako," alisema. "Hapa nitakaa na nani?"