Vigelegele Nilivyovimeza

Enzi zetu, mtoto aliyetoka mbele ya watu kucheza bila kupigiwa vigelegele alihesabiwa kuwa hana kwao. Nazungumzia Muheza, michezo ya Krismasi kanisani, tulipovikwa mashuka ya nyumbani tukaambiwa sisi ni malaika. Mimi nilikuwa kondoo, miaka miwili mfululizo. Jukwaa lilikuwa meza za darasani zilizounganishwa, likinuka chaki na mafuta ya taa. Nikitokeza tu, mama anaachia vigelegele hadi mwalimu wa kwaya anapoteza sauti. Nikilalamika kuwa naona haya, mama ananijibu, "Haya utaiona siku nitakayonyamaza."

Hadithi hiyo nimemsimulia mjukuu wangu Neema mara nyingi, hapa Ilford, ughaibuni, nikimsuka nywele. Ana miaka minane. Kiswahili anakielewa, ila hujibu kwa Kiingereza. Desemba hii alichaguliwa kuwa kinda la ndege katika baleti ya Krismasi, ile dansi ya kusimama kwa ncha za vidole. Mlangoni pa ukumbi mama yake, binti yangu Rehema, alinishika mkono.

"Mama, please, leo usipige vigelegele. Hii si send-off ya bibi harusi. Watu watatushangaa."

Nikaahidi.

Basi nikakaa kutazama watu. Wamekunja makoti magotini utadhani wanangoja treni. Mzee mmoja alifungua peremende, karatasi ikalia, mkewe akamkanyaga mguu. Hakuna aliyekohoa mpaka muziki ulipokatika, ndipo ukumbi mzima ukakohoa kwa pamoja. Nilikumbuka wodi ya wagonjwa wa kifua nilikofanya kazi. Hata vijana wa siku hizi, ambao hawamalizi sahani ya wali bila kushika simu, walitulia mikono mapajani. Hapo niliwavulia kofia.

Neema akatokea, wa tatu kutoka kushoto. Akageuza shingo kidogo, akatafuta kwenye giza letu. Ulimi ukaanza kunicheza wenyewe mdomoni. Rehema akanitupia jicho, nami nikauma meno. Kinda likaruka, likazunguka, likaondoka. Tukapiga makofi ya adabu, yakaisha yote mara moja.

Nje Rehema alinishukuru kwa kutulia. Neema akaja amevaa koti juu ya manyoya yake ya karatasi, akaniuliza kwa Kiswahili, jambo analolifanya kwa nadra:

"Bibi, kwani hukuja? Sikukusikia."

Nikamwambia nilikuwepo, nilimwona, wa tatu kutoka kushoto. Akaitikia kwa kichwa, kama anavyowaitikia wageni. Iliniuma, na bado inaniuma.

Mama yangu angetolewa nje ya ukumbi ule, nami ningeona haya wiki nzima, lakini ningejua alikuja. Mimi nimesifiwa ustaarabu, na mjukuu wangu amecheza kama mtoto asiye na kwao, bibi yake akiwa mle mle ndani.