Mstari Unaomsingizia Boie

Umeniandikia mara tatu, Frauke, na mara tatu barua yako nimewashia jiko. Mimi darasa niliachia la tano, nikaenda kutunga dagaa kwenye fito za kukaushia kwa moshi. Kalamu hunichosha kuliko kisu. Lakini mwenye duka la mkate amenionyesha kijitabu chenu cha ukumbusho wa waliokufa vitani kabla hakijachapwa, na humo mmeandika kwamba nyambizi ya mume wangu ilizama "kwa uzembe wa fundi wa vali". Fundi wa vali alikuwa mmoja tu, naye ni Boie wangu. Ndiyo maana naandika. Wala sikufanyii hisani.

Boie Thomsen alizaliwa hapahapa Eckernförde, nyumba ya nne kutoka kwetu. Mrefu, masikio kama vifuniko vya sufuria. Tanuri la moshi la baba yake alilishika akiwa na miaka kumi na minne. Na sisi watu wa moshi tuna desturi: anayefungua mlango wa hewa wa tanuri huchomoa kijiti kinachoushikilia, akakiuma kwa meno, na hakitemi mpaka ameufunga tena. Ukiusahau, moto unapanda na dagaa wote wanakuwa makaa. Mwenye kijiti mdomoni hasemeshwi, hata na mkewe. Mimi nilichumbiwa kwa ishara za mikono.

Vita vilipomchukua wakamtia kwenye nyambizi, maana alijua moto na mabomba ya hewa. Alisafiri mara tatu. Safari ya kwanza walizamisha meli ya mizigo. Mjini watu walimpigia makofi, yeye akaja akaketi jikoni akasema, "Wiebke, wale nao walikuwa na wake zao." Hakulitaja tena. Safari ya pili ndege ziliwafukuza wiki sita, wakala mkate ulioota ukungu mweupe hata wakauita sungura kwa manyoya yake. Na kule chini aliendelea na kijiti chake: akifungua vali, kijiti mdomoni. Wenzake wakambandika jina, Mbwa Mwenye Mfupa. Safari ya tatu, Mei 1944, hakurudi.

Baada ya vita ofisi ya habari za wanajeshi iliniandikia kwamba ndege za Waingereza ziliizamisha nyambizi yao magharibi ya Norwe, tarehe ishirini na saba Mei. Nami ninayo barua ya Boie ya tarehe mbili Juni, kutoka bandari ya Bergen, hukohuko Norwe, anaomba soksi. Maiti haiombi soksi. Nikawapelekea nakala. Miaka ikapita, wakajibu kwamba zile ndege zilipiga nyambizi nyingine, yetu labda iligonga bomu la majini. Labda! Tangu siku hiyo karatasi yenye muhuri nainusa kwanza, kama samaki wa juzi.

Basi nilipoona mstari wenu nilijua ulikotoka. Kwa Uwe Harders, mtu wa redio wa nyambizi ile, aliyeachwa nchi kavu safari ya tatu kwa ugonjwa wa kidole tumbo. Jumapili ya kuwakumbuka waliokufa vitani nikamkuta ukumbini anakula keki ya siagi. Nikaketi mbele yake.

"Shemeji! Bado hujafa?"

"Nakusubiri wewe utangulie. Nasikia unajua nyambizi ilivyozama."

Akafuta mdomo. "Vali ya hewa, shemeji. Boie aliiacha wazi wakati wa kuzamia. Inauma, lakini ndiyo kweli."

"Wote arobaini na tisa walikufa. Nani alikuambia? Chewa?"

"Safari ya pili alifanya vilevile, nikaona kwa macho yangu! Vali iko wazi, yeye kasimama hapo anatusimulia kisa cha mchungaji na bata, sote hoi kwa kicheko."

"Anasimulia, vali iko wazi?"

"Naam."

"Na mdomoni ana nini?"

"Mdomoni?"

"Uwe. Mbwa Mwenye Mfupa mlikuwa mnamwita nani?"

Uma ukabaki hewani. Masikio yakamwiva.

"Labda alikuwa mwingine," akasema. "Ni zamani, shemeji."

"Mwingine nani?"

"Sijui! Sijui ilivyozama, hakuna anayejua. Lakini yule Frauke kaniuliza mara kumi, na mimi ndiye niliyebaki. Aliyebaki anatakiwa awe na la kusema."

"Kwa hiyo umemtupa Boie majini mara ya pili ili upate la kusema."

Keki hakuimaliza. Nilimmalizia mimi.

Sisemi Boie hakukosea maishani. Labda ilikuwa bomu, labda ndege nyingine, labda siku ile kijiti kilimponyoka. Fundi ni mtu. Sijui. Uwe hajui. Wewe ndiyo kabisa, ulikuwa hujazaliwa. Na wewe pia nakushuku, binti: kosa la fundi lasomeka vizuri kuliko "haijulikani", sivyo? Wasomaji wanapenda mtu wa kumnyooshea kidole, na aliyekufa hajibu.

Basi mimi ndiye namjibia. Futa mstari ule. Andika: haijulikani ilivyozama. Uwe ameahidi kutia sahihi kwamba hajui; akigeuka, niite, nitakuja na fito. Kisha huo ukurasa uniletee kwa mkono wako, si kwa posta, usimame hapa jikoni unisomee kwa sauti kabla mashine haijaanza kuchapa.