Sumaku Yangu na Kichupa cha Mtu wa Tanga

Kila nilipokisimulia kisa hiki nyumbani Morogoro, nilisema kosa lilikuwa la sumaku. Nimelisema hilo harusini, nimelisema msibani, na watu wamenionea huruma. Ukweli ni kwamba sumaku ilifanya kazi yake. Niliyekosea ni mimi.

Nilikuwa karani katika yadi ya chuma chakavu Al Qusais, huko Uarabuni, nikijaza karatasi za makontena ndani ya kibanda chenye kiyoyozi. Siku moja arbab, tajiri wetu, akagundua kwamba nina shahada. Hakuuliza ni ya nini. Ilikuwa ya historia. Akanipa kofia ngumu ya njano na sumaku iliyofungwa kamba, akaniambia nisimamie uchambuzi wa stenlesi, chuma kile kisichoshika kutu.

Mchambuzi mwenyewe alikuwa mtu wa Tanga, rika langu, aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi bila kofia wala shahada. Alinipokea kwa adabu zote.

"Karibu, dada profesa. Angalia tu usinase."

Nilikuwa nimesoma kurasa mbili kwenye simu: stenlesi nzuri, yenye nikeli ya kutosha, haivuti sumaku. Kwangu elimu ilikuwa imekamilika. Siku hiyo ulishushwa mzigo wa hoteli moja ya Deira iliyokuwa ikikarabatiwa, masinki ya jikoni na mabomba ya kushikia ngazini. Nikateremsha kamba. Pembe za masinki zilivuta, mabomba hayakuvuta. Nikaamuru masinki yaende kwenye rundo hafifu na mabomba kwenye rundo zuri.

"Dada, sinki limekandamizwa na mashine mpaka likawa sinki," akasema. "Pale lilipopindwa lazima livute kidogo. Jaribu pale palipo bapa. Na haya mabomba yana manganizi nyingi, madini ya bei rahisi, nikeli kiduchu. Sumaku haiwezi kukwambia hilo."

Akatoa kichupa mfukoni, akadondosha tone juu ya bomba. Tone likageuka jekundu, dalili ya manganizi.

Hapo ndipo nilipojiona mjanja. "Mtu wa Tanga na kichupa cha dawa!" nikapaza sauti. "Uganga umeuvusha mpaka Uarabuni?"

Yadi nzima ikacheka. Naye akacheka, akafunga kichupa. "Haya, bosi ni wewe. Mimi mganga tu."

Mabomba yakaingia kontenani, kontena likaenda ng'ambo kwenye kiwanda cha kuyeyusha. Tukinywa chai alipenda kunieleza safari ya chuma hicho: sufuria ya leo ni tangi la maziwa la kesho, na keshokutwa ni meza ya upasuaji. "Chenyewe kinapanda cheo kila kikiyeyushwa," alisema. "Sisi tunayeyuka tu na jua, cheo kilekile."

Wiki chache baadaye arbab aliingia yadini amekunja uso. Kiwandani walikuwa wanayatilia shaka mabomba, maana yakichanganywa tanurini huharibu chuma chote. Walikuwa wanayapima. "Likirudishwa kontena," akasema, "aliyechambua naye anarudi kwao. Khalas, imekwisha."

Wote walimtazama mtu wa Tanga, ambaye mkataba wake ulikuwa unakwisha mwezi huo. Mimi nilitazama kikombe changu.

Arbab alipoondoka nikamfuata mtu wa Tanga. "Mbona hukunitaja?"

"Nikutaje vipi, dada? Atamwamini nani, profesa au mganga?" Akatabasamu. "Nikifika Tanga nitawasalimia waganga wenzangu. Nitawaambia una nyota kali."

Siku tatu nzima sikumtania mtu, jambo ambalo wafanyakazi walidhani ni homa.

Siku ya nne simu iliita kibandani, arbab akiwa ameketi ukingoni mwa meza yangu. Akabonyeza spika. Mtu wa kiwanda akasema mabomba ni hafifu, watayatoa pembeni, mzigo uliobaki wanaupokea. Lakini kabla ya kununua kontena jingine wanataka kujua nani aliyeyapitisha.

Arbab akafungua mdomo. Nikamtangulia.

"Mimi," nikasema. "Mchambuzi wetu aliyapima kwa tone, akanikataza. Nikamcheka mbele ya watu."

Hapohapo nikaanza kufungasha virago kichwani.

"Huyo wa tone," sauti ikauliza, "bado mnaye?"

Arbab alinitazama, kisha akatazama dirishani, kule mtu wa Tanga alikokuwa ameinama juu ya rundo.

"Tunaye," akasema. "Na habanduki."