Siku Pombe Ilirudia, na Yomba Akaomba Sukre

Minye shule niliachaka ku mwaka ya tatu, lakini maneno ya ndoa najua yote. Basi musikie.

Wakati ya ile ugonjwa ya kuvaa maski, bakubwa bakafunga babar, nyumba ya kunywea pombe, ya inchi yote. Kwetu Likasi bakasema hata kuuza pombe hapana. Mabwana bakaanza kurudia ku nyumba jua ingali juu. Bibi zao njo bakajua banaishi na nani. Ilikuwa mateso.

Minye nilikuwa na yangu. Mujikulu yangu, mutoto ya binti yangu, ule nililea mwenyewe, alikuwa na mimba. Muchumba yake, kijana ya usine, ile kiwanda ya kule Shituru, alikuwa tayari kulipa mali, ile mahari. Lakini kwetu mali haipokelewe ovyo. Binti anapiga magoti, anapatia yomba, ndugu ya mama yake, glasi ya pombe. Yomba anamwanga kidogo chini juu ya bankambo, bale bazee balikufa, kisha anauliza: "Ninywe?" Binti akijibu "Kunywa," na yomba akinywa, ndoa iko.

Bakwe, bantu ya kwao na muchumba, bakakuja na kreti ya sukre, ile soda ya orange. Yomba akaiangalia sawa mutu anaona nyoka.

"Mama, muzee wetu, baba yangu, alikufa na ugonjwa gani?"

"Ya sukari."

"Njo munataka nimumwangie sukre? Tumuue mara ya pili?"

Muchumba akasema: "Basi maji, yomba."

"Maji ni ya kunawa. Murudie kwenu."

Bakarudia. Kreti bakaacha kwangu, juu ilikuwa nzito. Mujikulu akalia: "Kambo, nitazaa bila bwana?" Nikapika munkoyo, ile kinywaji ya mahindi na mizizi. Yomba akasema ni ya batoto. Tumbo, yeye, haikungoja mutu.

Asubui moja radio ikasema: babar bafungue, pombe iuzwe. Likasi yote ikapiga kelele. Nikatuma neno kwa bakwe: mukuje leo leo! Mangaribi bakafika na pombe baridi.

Yomba haiko. Tukamukuta ku bar, iko kule tangu asubui, anapongeza serikali. Tukamuleta, huyu mukono huku, huyu kule, tukamuikalisha. Mujikulu akapiga magoti. Na ile tumbo, tulimushikilia bantu wawili. Yomba akamwanga chini, muzuri kabisa.

"Ninywe?"

"Kunywa, yomba."

Akaangalia glasi. Akaiangalia sana. Yomba asipokunywa, bakwe banabeba mali yao, banaenda.

"Mama," akaniambia polepole, "haiko hata sukre?"

Ilikuwako, kreti muzima. Mukubwa ya bakwe akauliza: "Sasa hii ni ndoa ao si ndoa?"

Nikamujibu: "Baba, muzee yetu amepata yake chini. Na huyu, kuna mutu mu Likasi hakumuona anakunywa leo?"

Hakuna mutu.

Yomba akamaliza chupa mbili ya orange, mali ikapokelewa, mutoto akazaliwa mu ndoa. Mpaka leo, ukimuuliza yomba, anasema mila haichezewe.