Dalali Aliyekuwa Bakhili wa Dua

Nimeshawaambia wasichana wa chama cha wafumaji kwamba mimi si mwandishi. Herufi nimefundishwa uzeeni, darasa la wanawake pale msikitini, na mkono wangu unajua sufu kuliko kalamu. Hawasikii. Wanataka maisha ya Mahjuba yabandikwe mlangoni pa soko, na wamenikalia kooni tangu Ramadhani. Nikawauliza, nyinyi mna vyeti hadi vya kupiga picha, kwa nini msiandike wenyewe? Wakasema hawakumjua. Sasa hilo ni kosa langu? Haya, naandika. Atakayeona herufi imekaa vibaya, anyamaze nayo.

Mahjuba binti Thami alizaliwa hapa mjini Salé, kichochoro cha nyuma ya Soko la Sufu, katika nyumba ambayo ukipanda darini kuanika nguo unasikia mnada wote. Baba yake alikuwa dalali wa mazulia. Wanawake huja kutoka mashambani na mazulia waliyofuma, wanakaa chini kando ya ukuta, na dalali hulitwaa zulia, akalitupa begani, akalizungusha mbele ya wafanyabiashara huku akiita bei. Anayetaka kupandisha husema "ongeza." Bei ikigota, dalali humrudia mwenye mali. Mwenye mali akijibu "Mungu atafungua," hajauza, na mzunguko unaanza upya. Akijibu "Mungu akupe faida," ameuza. Neno hilo halivunjwi na askari wala na mume wa mtu.

Mzee Thami alikuwa na wana wawili wa kiume. Mmoja alikwenda Ubelgiji, mwingine alikwenda kwenye mpira, na hakuna aliyerudi na akili ya kazi. Magoti ya mzee yalipokataa, Mahjuba akalitupa zulia begani bila kumuuliza mtu. Wanaume wakanung'unika kwamba sauti ya mwanamke haifai sokoni. Mzee Thami, amekaa kwenye kibao chake na magoti yamefungwa sufu kama watoto wachanga, akawauliza ni nani Sayyidna Omar alimpa kazi ya kuangalia soko la Madina. Waliojua kwamba alikuwa mwanamke wakarudi kwenye bei zao, wasiojua wakaenda kuuliza nyumbani. Mkuu wa madalali akasema, basi tumtazame wiki moja. Wiki hiyo haikuisha mpaka Mahjuba alipokufa.

Alikuwa na sauti ya mlango wa bati. Mumewe Maati, mfinyanzi wa kule Oulja, alikuwa mtu wa kimya, na watu walisema ndoa yao imekaa sawa kwa kuwa mmoja anasema kwa niaba ya wawili.

Lakini sifa iliyomtangulia kila alipokwenda ilikuwa ubakhili, na si wa pesa. Sisi wengine "Mungu akupe faida" tunamwambia kila mtu: mtoto anayeuza nanaa, jirani aliyenunua viatu, bwana harusi. Mahjuba hakumwambia yeyote. Alisema neno linalofunga mauzo si la kutupwa njiani kama maganda ya machungwa. Kwenye harusi ya mpwa wake wote tuliomba dua ndefu, na yeye zamu yake ilipofika akasema, "Inshallah mtaelewana." Mama wa bibi harusi hakumsamehe.

Na kama alivyokuwa mkali wa neno lake, alikuwa mkali wa maneno ya wenzake. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja, Haji Allal, mnene, mcheshi, mwenye duka lake humo humo sokoni. Siku moja Mahjuba alikuwa anazungusha zulia baya, rangi yake nyekundu kama ya kidonda, na bei imegota. Haji Allal alikuwa na gilasi ya chai mkononi. Akamwambia muuza chai, aliyeshika kipande cha sukari, "Ongeza." Mahjuba akalisikia, akalihesabu kuwa ni bei, mwenye zulia akatamka neno, na zulia likamwangukia Haji Allal magotini. Akalia kwamba alikuwa anaomba sukari. Mahjuba akamjibu kwamba sokoni ulimi una kazi moja, anayetaka chai tamu akanywe kwake. Soko likacheka mwezi mzima. Haji alilipa, na yeye pia alicheka, lakini alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Kisha ikaja halmashauri na mambo yake mapya. Walitengeneza paa, wakaweka taa, na chini ya tao la kuingilia wakaweka meza na kijana anayeitwa Wadii, mwenye mashine ya risiti. Amri ikabandikwa: mauzo hayahesabiki mpaka risiti itoke. Wadii hakuwa mtoto mbaya. Alimwamkia kila mtu, wanawake akiwaita Lalla kama mabibi wa heshima, na Mahjuba alipokwenda kugomba alimvutia kiti.

Mahjuba alimwambia, "Mwanangu, hawa wanawake hawasomi. Hiyo karatasi watajuaje inasema nini? Neno wanalisikia wenyewe."

"Mali bila daftari hupotea bila habari, Lalla," akajibu Wadii. "Na asiyesikia vizuri je?"

Mahjuba akainuka. Akaondoka akisema kiti chake kinachechemea.

Swali lile lilikuja kumtafuta Alhamisi moja baada ya sala ya alasiri. Yamna, mama mmoja wa kabila la Kizemmuri kutoka upande wa Khemisset, alikuwa amekaa ukutani na zulia lake mwenyewe, kazi ya msimu mzima, mafundo yamebanana hata maji hayapenyi. Ng'ombe wake alikufa kwa ukame, naye alikuja kutafuta bei ya ng'ombe mwingine. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa siku nyingi. Mahjuba alizungusha mara ya kwanza tu, na Haji Allal akatoa bei ya kuanzia, bei ya mbuzi, na mbuzi mwenyewe asiwe na mimba. Mahjuba akageuka kumtazama Yamna apate jibu.

Wakati huo huo akapita mwanamke wa kijijini kwa Yamna, akamwinamia upande wa sikio zima, akamwambia ameuza kuku wake wote. Na Yamna, kwa sauti ile kubwa ya watu wasiojisikia, akasema, "Mungu akupe faida."

Soko zima lilisikia. Haji Allal akaweka mkono juu ya zulia lililokuwa begani kwa Mahjuba.

"Nimeuziwa," akasema.

Yamna alipoelezwa yaliyotokea alishika kichwa. Wadii akainuka mezani kwake akaja mbio, na kwa kweli alikuja na nia njema. Akasema jambo ni jepesi: risiti haijatoka, pesa haijatoka mfukoni, kwa kanuni hakuna mauzo, mama achukue zulia lake. Yamna akanyoosha mikono. Mahjuba hakulitoa begani.

"Lalla, nipe zulia langu niwahi gari," akasema Yamna. "Au neno lako lina thamani kuliko ng'ombe wangu?"

Haji Allal alikuwa amekunja mikono juu ya tumbo. Akasema polepole, "Mpe tu. Lakini nikumbushe, Mahjuba. Ile siku ya sukari, risiti ilikuwa imetoka?"

Mahjuba alisimama pale na uzito wote begani. Mimi nilikuwa ukutani na zulia langu, na niliusoma uso wake. Akipita njia ya karatasi, kuanzia kesho kila tajiri atakayejuta ataikimbilia meza ya Wadii kabla mashine haijatema, na mwanamke wa shamba atabaki na neno lisilo na kazi. Akilishika neno, ng'ombe wa Yamna anageuka mbuzi. Na katikati ya njia hizo mbili limelala zulia jekundu la Haji Allal.

Akatoka na zulia begani, hakumwachia mtu, akaenda mpaka kwa Bwana Mfaddal, mwandishi wa mikataba ya kadhi, ambaye mlango wake unatazama soko. Sote tukamfuata nyuma kama watu wa maziko. Bwana Mfaddal alikuwa anakula supu ya maharage. Akasikiliza pande zote bila kuacha kijiko. Akasema mauzo ni ridhaa, na neno lililoelekezwa kwa mwenye kuku si jibu la mwenye pesa. Lakini Haji naye alisikia kilichosikika, na desturi ya soko ina uzito wake, kwa hiyo wakitaka kushindana, atawapa hoja za kuwatosha mpaka magharibi na hakuna atakayeondoka ameridhika. Ipo njia nyingine, sheria inaiita ikala: wawili waliouziana wanarudishiana kwa hiari. Halazimishwi mtu. Mtume amesema anayemrudishia mwenzake aliyejuta, Mungu atamfutia kuteleza kwake Siku ya Kiyama.

"Ila sisi tunamfuata Imamu Malik," akamalizia, akifuta bakuli kwa mkate. "Kwetu kurudishiana ni mauzo mapya. Yatamkwe sawasawa, kila mtu na neno lake."

Tukarudi sokoni. Mahjuba akamgeukia Haji Allal.

"Haji, mrudishie."

"Mimi nani alinirudishia?"

Hapo ndipo watu walipotarajia ule mlango wa bati ufunguke. Haukufunguka. Mahjuba akabadilisha bega, kisha akauliza, "Lile jekundu liko wapi?"

"Dukani, chini kabisa. Nondo wanalijua kuliko mimi."

"Kalilete."

Haji akacheka, akamtazama, akaacha kucheka, akaenda. Alirudi nalo amelishika kwa vidole viwili kama mtu anayemtoa panya. Lilikuwa limezidi ubaya. Mahjuba akafungua kitambaa kiunoni mwake, akatoa akiba aliyokuwa anaiweka kwa ajili ya meno ya bandia, akamwambia Haji mbele ya watu kwamba siku ile hakumuuliza usoni, aliokota neno lililoanguka kando, na dalali anayeokota maneno yaliyoanguka ni mdokozi. Akaomba alinunue zulia lile kwa bei ile ile.

"Na meno yako, Mahjuba?" akauliza Haji, maana kila mtu alijua habari za hayo meno.

"Nimekula bila meno miaka yote na nyama sijaisamehe. Unauza huuzi?"

"Mungu akupe faida," akasema Haji Allal, na sauti yake haikuwa na mzaha.

Ndipo Mahjuba akaliweka zulia la Yamna chini kwa mara ya kwanza tangu alasiri. Akazunguka mpaka upande wa sikio zima, akapiga magoti ili macho yakutane, akasema, "Yamna binti Haddu, Haji anakuuzia zulia hili kwa bei ile ile aliyolinunulia. Umelinunua?" Akasubiri. Yamna akasema amelinunua. Mahjuba akamtazama Haji. Haji akapumua, akatamka neno, na bei ya mbuzi ikakaa humo humo mfukoni mwake, kwa sababu haikuwa imetoka.

"Sasa nimeuza mara mbili na sina faida mkononi," Haji akasema. "Hata dua hakuna?"

Soko likasogea karibu. Watu walimjua Mahjuba. Maati mumewe hakuwahi kupewa neno hilo, hata vyungu vyake vilipouzwa vyote siku ya Maulidi.

"Mungu akupe faida," akasema Mahjuba.

Mtu mmoja nyuma akauliza amemuuzia nini. Mahjuba akamwambia amuulize Haji Siku ya Kiyama, atakuwa anakijua.

Yamna hakuuza siku ile. Alirudi na zulia lake kwenye gari la jioni, akaja tena Alhamisi nyingine, likampatia ng'ombe. Mwembamba, lakini ng'ombe. Wadii naye aliandika barua kwa wakubwa wake, na kanuni ikabadilishwa. Siku hizi dalali lazima asimame mbele ya mwenye mali, amwite kwa jina lake na la baba yake, aulize, asubiri. Likitamkwa neno, limekwisha, na risiti huja nyuma yake kama mtoto nyuma ya mama. Kwenye karatasi za halmashauri ina jina refu. Sisi tunaiita swali la Mahjuba.

Alibeba mazulia mpaka bega moja likawa chini ya jingine. Meno hakupata. Miaka yake ya mwisho alikuwa analowesha mkate kwenye chai, na Haji Allal, kila mkesha wa Idi, alimpelekea nyama iliyosagwa laini kabisa, naye kila mara alimwambia imezidi chumvi. Neno lile hakulirudia kwa mtu nje ya mauzo. Alisema amelitoa mara moja, linatosha.

Zulia jekundu aliniachia mimi. Nimelikalia sasa hivi nikiandika haya, na linawasha.

Haya, wasichana, nimemaliza. Na wewe uliyesimama hapo mlangoni unasoma kwa sababu unasubiri mtu: nyumbani kwako kuna kitu ulichokinunua kwa mwenzako naye akajuta kabla hajafika kwake, na ulimwona usoni. Unakijua ni kipi. Mrudishie, kwa bei ile ile, kisha uje ukutani uniambie umefanya. Nipo kila Alhamisi. Usiniletee dua, niletee jibu.